Toa Mbili

Bweni la Mpango
7 Juni

Mwalimu,

Shikamoo. Simu wametunyang'anya siku ya kwanza na kuzifungia kwenye kabati la mratibu, eti mwanasayansi ajifunze kukaa na mawazo yake. Kwa hiyo naandika kwa kalamu. Utafurahi wewe, maana ujumbe wa simu hukaa nao siku tatu hujaufungua.

Tuko arobaini, mmoja kutoka kila shule iliyoingia ubia na chuo kikuu. Wiki saba. Anayemaliza vizuri anawekewa nafasi kwenye kitivo cha sayansi, aje aichukue akihitimu sekondari, bila kugombania tena. Karatasi ya ahadi hiyo mimi niliisoma mara nne. Mama aliisoma mara tano, kisha akaipiga pasi.

Kikundi changu kina watu wanne na tanki namba tatu, limejaa vifaranga vya samaki wadogo kuliko kucha. Tunapima joto la maji asubuhi, mchana na jioni kwa wiki tatu. Kipimajoto ni kimoja, lakini kila mtu anasoma peke yake na kuandika kwenye daftari lake bila kumwonyesha mwenzake. Nafanya yote kama ulivyotufundisha. Nikikosea, napiga mstari mmoja tu juu ya kosa, lisomeke, naandika lililo sahihi juu yake, naweka sahihi na tarehe. Mwenzangu mmoja tunayemwita Bosi, wa shule yenye viyoyozi hadi chooni, alinicheka: "Sasa wewe unafuga makosa?" Nikamwambia afadhali mimi ninayeyafuga kuliko yeye anayeyazika yakiwa hai. Hajanisemesha tangu asubuhi.

Jambo moja. Mratibu nilimwambia kwamba unamsalimu. Aliitikia, lakini kwanza aliangalia kama kuna mtu amesikia.

Mwanafunzi wako,
Swali

~

Ofisi ya Mratibu
Mpango wa Ubia wa Chuo Kikuu na Shule za Sekondari
26 Juni

Kwa Mwalimu wa Maabara,

YAH: KUONDOLEWA KWA MWANAFUNZI WAKO

Kamati ya Mpango imelinganisha madaftari ya kikundi cha tanki namba tatu. Vipimo vyote sitini na tatu vya mwanafunzi wako vinatofautiana na vya wenzake watatu kwa kiasi kilekile, huku desimali zikifanana. Kamati imeridhika kwamba alinakili vipimo vya mwenzake na kuvibadilisha kidogo ili isijulikane. Alipoulizwa mbele ya kamati alikiri kwamba alivibadilisha kwa makusudi.

Ameondolewa kwenye Mpango kuanzia leo. Ushiriki wa shule yako utaangaliwa upya.

Mratibu

~

Shuleni
29 Juni

Kijiti,

Nakuandikia Kijiti kwa sababu ndilo jina nililokuitia miaka minne, na leo sina hamu ya kuandikia cheo.

Hukuandika hata shikamoo. Haya, hilo nimelimeza. Lakini nimesahihisha madaftari ya maabara kwa miaka thelathini na mbili, na hata baada ya kustaafu shule imeniachia funguo za chumba hiki kwa sababu hakuna mwingine anayejua kila chupa ilipo. Kwa hiyo tulia nikueleze jinsi mtu anavyotunga vipimo, maana yaonekana kamati yako haijui.

Mtunzi anapenda namba laini. Anapenda sifuri na tano. Anaogopa kurudia namba ileile mara mbili, kwa kuwa anadhani maumbile hayajirudii. Siku ya tatu anachoka na kuanza kupanga namba kama ngazi. Na hapigi mistari juu ya makosa yake, kwa sababu mtu anayetunga hakosei! Je, daftari la Swali lina mistari? Nijibu. Mimi najua linayo, maana ameshachekwa kwa ajili ya mistari hiyo.

Na hizo desimali. Mmewapa watoto wanne tanki moja, kipimajoto kimoja, saa moja, halafu mnashangaa desimali zinafanana. Zisingefanana ndiyo ningewaelewa.

Unasema alikiri. Alikiri nini? Niandikie maneno yaliyotoka kinywani mwake, sio maneno ya kamati. Mtoto huyo nimemfundisha tangu kidato cha kwanza. Akiangusha chupa huja kuniambia kabla vipande havijatulia sakafuni.

Nasubiri, na sisubiri kwa upole.

Mwalimu wako

~

Nyumbani
1 Julai

Mwalimu,

Salamu sina leo, utanisamehe.

Wewe ndiye uliyekuja kwangu. Ulikaa kwenye kile kigoda cha jikoni, ukakataa kiti, ukaniambia, "Mama Swali, huyu mtoto ukimfungia hapa utakuwa umemdhulumu." Nikakubali. Nikamtoa mtoto wa kunisaidia na wadogo zake, likizo nzima, mimi niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tangu asubuhi na shuka za watu.

Sasa amerudi. Amelala ameuelekea ukuta. Hali, hasemi. Jana nilipomvuta blanketi alisema sentensi moja tu: "Waliniuliza kama nilitoa mbili, nikasema ndiyo, ndivyo tunavyofanya shuleni, wakafunga faili." Akajifunika tena.

Mbili gani, Mwalimu? Mliwafundisha nini hawa watoto? Jirani ameshaniuliza kwa sauti ya huruma, ile huruma ya mtu anayetaka kusikia zaidi, kama ni kweli binti yangu ameiba mtihani. Nimemwambia aende akaulize ukuta.

Mimi kufua najua. Doa la damu naliondoa, la dawa naliondoa. Hili la mtoto wangu sijui naliondoaje, na aliyelitia simjui. Nieleze, na unieleze kwa ufupi. Nakufahamu.

Mama Swali

~

Ofisi ya Mratibu
3 Julai

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 29 imenifikia. Naielewa hasira yako, lakini niruhusu kusema kwamba wewe huko unamtazama mtoto mmoja, na mimi hapa nina shule arobaini. Nikimlinda wa kwetu watasema nini wengine?

Umetaka maneno yenyewe. Mwenyekiti alimuuliza, "Uliposoma kipimajoto, uliandika ulichokiona?" Akajibu, "Hapana, nilitoa mbili." Mwenyekiti akamuuliza kwa nini. Akajibu, "Ndivyo tunavyofanya shuleni. Ndivyo mwalimu alivyotufundisha." Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kumbukumbu za kikao zimeandikwa hivyo na nimeziwekea sahihi.

Daftari lina mistari, ndiyo. Hilo halikujadiliwa.

Nakushauri kwa heshima usiipeleke mbele hii habari. Jina la shule tayari limeguswa, na ukilisukuma litaanguka lote.

Wako mtiifu,
Mratibu

~

Shuleni
6 Julai

Kijiti,

Mtiifu wa nani?

Barua ya Mama Swali ilifika kabla ya yako. Nilipofika kwenye neno "mbili" niliweka miwani mezani nikaenda maabara bila miwani. Niliagiza barafu kutoka duka la soda, nikaiponda, nikaiacha ianze kuyeyuka ndani ya bika, nikazamisha vipimajoto vyetu vyote tisa vilivyobaki kwenye lile sanduku. Unajua vilisoma nini. Barafu inayoyeyuka ni sifuri dunia nzima. Vyetu vyote tisa vilisimama kwenye mbili.

Unajua, kwa sababu na wewe ulivisoma miaka minne. Kila kipimajoto kilipozidisha ulikuwa unaimba na wenzako, "Bibi katia chumvi!" na mimi naitikia, "Toa mbili!" Mtoto wa watu amekuja kwenu na mazoea ya sanduku bovu, akayapachika kwenye kipimajoto kizima. Hakunakili. Alisoma kwa macho yake, mara sitini na tatu, kwa uangalifu ambao Bosi wenu hataupata akizaliwa mara tatu. Mwongezeeni mbili kila mahali muone kama hamtapata daftari safi kuliko yote.

Haya, kosa la kutoa mbili ni letu. Nitalifikia. Lakini wewe! Ulikuwa chumbani. Mtoto aliposema "ndivyo tunavyofanya shuleni", watu watano hawakumwelewa. Wa sita alikuwa wewe, na ulielewa kabla hajamaliza sentensi. Ukajitia hamnazo. Ukatazama karatasi zako. Ukaweka sahihi.

Nimeifukua barua uliyoniandikia miaka kumi na minane iliyopita, kwa kalamu ya kijani. Nainakili hapa, maana inawezekana umejisahau: "Mwalimu, leo nimesoma joto mbele ya darasa zima la mwaka wa kwanza nikatoa mbili bila kufikiri. Msaidizi wa maabara alicheka mpaka akakaa chini. Sasa jina langu hapa ni Toa Mbili."

Vipimajoto vitatu nimevifunga kwenye taulo kuukuu na kumpa Mama Swali avilete. Ameomba ruhusa ya siku moja kazini. Atasimama mlangoni kwako mpaka barafu ipatikane. Usimwambie aje kesho. Huyu mama hajui kesho.

Mwalimu wako, bado

~

Shuleni
6 Julai

Mwanangu Swali,

Nakuomba ukae kitako usome yote, kwa kuwa jambo lenyewe lina mwanzo na sitaki kulianzia katikati.

Miaka ishirini na miwili iliyopita shule ililetewa sanduku la vipimajoto kumi na viwili. Mimi mwenyewe nilivifungua. Kipimajoto kipya lazima kijaribiwe kwenye barafu inayoyeyuka kabla hakijaaminiwa. Hilo ni kama mgeni kubisha hodi. Nikavijaribu, vyote vikazidisha nyuzi mbili. Nadhani kiwandani karatasi ya namba ilibandikwa juu kidogo kuliko ilivyopaswa, lakini hilo halikuhusu. Ningeweza kuvirudisha. Nikafikiri: vitachukua mwaka kurudi, na watoto hawa watafanya nini mwaka mzima? Kosa lenyewe ni la namna moja, halipandi halishuki, ukitoa mbili unapata kweli. Nikaandika hivyo kwenye mfuniko wa sanduku, kwa rangi, na sababu yake.

Darasa la kwanza nililieleza kipindi kizima. La pili nililieleza kwa ufupi. Baadaye mfuniko ukavunjika, mtunza maabara akaufanya sinia la chaki. Madarasa yaliyofuata yalikuta wimbo tu: Bibi katia chumvi, toa mbili. Tulicheka sana na wimbo ule. Na kwa kuwa majaribio yetu mengi hupima joto limepanda kiasi gani na sio limefika wapi, hata aliyesahau kutoa mbili alipata jibu sahihi, kwani zile mbili ziko mwanzoni na mwishoni na zinajifuta zenyewe. Ndiyo maana kosa halikuwahi kupiga kelele. Lilikaa kimya likisubiri mtu atoke nalo nje.

Ulitoka nalo wewe.

Mimi ninayesifika kwa kueleza, nimeeleza kwa nini chumvi inayeyuka, kwa nini kutu inakula bati, kwa nini maji ya mtungi ni baridi. Hiyo moja nikaacha kuieleza. Hukudanganya, na kosa hukuliunda. Lilikuwa langu, nikakufungia kwenye begi pamoja na madaftari.

Mratibu nimemwandikia, na mama yako anakwenda na ushahidi.

Pole, mwanangu.

Mwalimu wako

~

Nyumbani
8 Julai

Mwalimu,

Nimehesabu. Barua yako ina kurasa nne. Pole ipo moja, ukurasa wa nne, mstari wa chini kabisa, imebaki kidogo idondoke.

Umeniandikia kana kwamba sikuwahi kuuliza. Umesema uliacha kueleza. Hukuacha, Mwalimu. Ulikataa.

Daftari langu la kidato cha kwanza ninalo. Ukurasa wa sita, tarehe 14 Februari. Pembeni nimeandika kwa penseli: Kwa nini tunatoa mbili? Siku hiyo nilinyoosha mkono nikakuuliza hilohilo. Ulikuwa unapita kati ya meza na bomba la maji. Ukasema, "Wewe mtoto wa maswali, toa mbili tuendelee, kengele inalia." Darasa zima likaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo nikawa Swali. Jina unaloniandikia juu ya bahasha limezaliwa kwenye swali ambalo hukulijibu.

Sikuuliza tena. Nilijiambia, kama Mwalimu hana wakati nalo basi ni dogo.

Unajua nilivyosimama mbele ya wale watu sita? Nilisimama wima. Sikuogopa hata kidogo. Nilidhani wananiuliza ili wajifunze tunavyofanya kwetu. Niliposema "ndivyo mwalimu alivyotufundisha" niliona fahari, Mwalimu! Fahari! Yule mwenyekiti akacheka kwa pua, na mratibu wetu akaanza kuchambua karatasi kama anayetafuta risiti iliyopotea. Waliponitoa nje Bosi alikuwa kwenye ngazi. Alinisogezea begi langu. Hata yeye aliniona wa kuonewa huruma, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mama alikwenda jana. Amerudi na miguu imevimba na hataki kusimulia, anasema nisubiri barua. Anacheka peke yake jikoni, sijui anacheka nini.

Usiniandikie mpaka uwe na jambo jipya.

Aliyekuuliza

~

Ofisi ya Mratibu
12 Julai

Mwalimu,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wangu, sio kwa karatasi ya ofisi.

Mama Swali aliingia hapa tarehe 7 asubuhi na fundo la taulo. Katibu wangu akamwambia nina kikao. Akasema, "Vizuri, ndicho nilichokifuata." Akaingia kikaoni. Kamati nzima ilikuwa mezani. Akafungua taulo, akavipanga vipimajoto vitatu kama vijiko vya mgonjwa, akasema, "Nimeambiwa kuna barafu hapa. Iko wapi?" Mwenyekiti akamuuliza yeye ni nani. Akajibu, "Mimi ni mfuaji. Nimekuja kuchukua doa langu."

Barafu ikaletwa. Vyote vitatu, mbili. Kipimajoto cha tanki namba tatu, sifuri. Mjumbe mmoja akachukua daftari la Swali na kuongeza mbili kila mstari. Alipofika wa ishirini akaacha, akaliweka chini polepole.

Mwalimu, unanidai ukweli, basi upokee wote. Ndiyo, nilijua. Nilijua alipofungua tu mdomo. Yule msaidizi wa maabara aliyecheka mpaka akakaa chini, ndiye mwenyekiti wa kamati leo. Miaka mitatu waliniita Toa Mbili. Niliingia mahali kimya kinaingia nami, kisha mmoja anaanza kuguna. Lilikufa jina lile kwa shida, na siku ile nililiona linainuka mezani, nikaogopa litanitazama mimi. Nikamwacha mtoto alibebe. Sina neno la kulipamba hilo.

Lakini na mimi nina hasira yangu, na ni ya zamani kuliko yako. Hiyo barua ya kalamu ya kijani umeihifadhi vizuri. Jibu lako mimi nalihifadhi pia. Uliandika: "Pole Kijiti, nimecheka mpaka machozi. Utazoea." Basi. Miaka kumi na minane, Mwalimu! Nilikuonya, ukacheka, ukarudi darasani ukaendelea kuimba. Kama siku ile ungeandika upya ule mfuniko, Swali angekuwa hapa na samaki wake.

Kamati inakubali arudi. Ila mwenyekiti hataki ionekane kwamba kamati ilikosea. Ameandaa karatasi ya kuwekwa sahihi: "Mimi mwanafunzi naishukuru kamati kwa msamaha wake kwa kosa nililolitenda." Nimeiambatanisha hapa. Bila sahihi hiyo harudi, na wiki ya mwisho ya Mpango inaanza tarehe 15. Hatanisikiliza mimi. Mwambie wewe aweke sahihi, nafasi yake ya kitivo ipone, mengine tutayazungumza akiwa ndani.

Kijiti

~

Shuleni
13 Julai

Swali,

Uliniambia nisiandike bila jambo jipya. Jambo jipya ni hili hapa ndani ya bahasha, pamoja na barua ya mratibu. Namtuma mtunza maabara aikabidhi mkononi mwako leo hii.

Nimeisoma hiyo karatasi nikataka kuichana. Kisha nikakumbuka kwamba si yangu. Nilianza kukuandikia kwa nini uweke sahihi, nikafika ukurasa wa pili. Nikaichana ile badala yake. Nikaanza tena kwa nini usiweke. Nayo nikaichana. Nimekwisha kuamua mengi kwa niaba yako bila kukueleza.

Lililo mezani unalijua: nafasi yako ya chuo, na jina lako. Wanataka ununue moja kwa jingine.

Swali lako la tarehe 14 Februari lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa katika chumba hiki. Nilipaswa kusimama pale pale kwenye bomba la maji na kengele iendelee kulia.

Kijiti naye ana haki. Nilicheka. Barua yake imo humo, ujue kwamba sikukuficha.

Mwalimu wako

~

Bweni la Mpango
16 Julai

Mwalimu,

Nimerudi. Nitakueleza kwa mpangilio, kama unavyopenda.

Karatasi yao nilikaa nayo usiku wa kuamkia tarehe 14. Mama akasema, "Weka sahihi mwanangu, maneno ni maneno." Baadaye kidogo akasema, "Hapana, usiweke." Kisha akaenda kulala akiwa amekasirika na mimi kwa jambo ambalo sijalifanya bado.

Asubuhi nikaja nayo ikiwa tupu. Nikaingia kwa kamati. Mwenyekiti akanipa kalamu yake. Nikamwambia ninayo yangu. Nikafanya ulivyotufundisha. Mstari mmoja, usiofuta, lisomeke. Nikapiga juu ya "msamaha wake kwa kosa nililolitenda". Juu yake nikaandika "kusahihisha kosa ililolitenda". Pembeni sahihi yangu, jina, tarehe. Kwa hiyo sasa inasema naishukuru kamati kwa kusahihisha kosa ililolitenda, na kosa la kwanza bado linasomeka chini ya mstari, atakaye alione.

Mwenyekiti akasema hiyo si sahihi, huo ni utovu wa adabu. Akasema, "Unajua ninaweza kuufunga mlango huu?" Nikamwambia, "Uliufunga tarehe 26, ndiyo maana naujua." Yule mjumbe wa kuongeza mbili akaanza kukohoa kikohozi cha uongo.

Ndipo mratibu akanyoosha mkono akavuta ile karatasi. Nilidhani anaichana. Akaandika chini ya sahihi yangu, kwa wino wa kijani: "Nilikuwepo. Nilijua. Nilinyamaza." Akaweka jina lake lote. Halafu akamgeukia mwenyekiti akamwambia, "Mimi ndiye Toa Mbili. Ulinicheka mimi kwanza. Kama unataka kucheka tena, cheka sasa, tuendelee na kazi." Hakucheka mtu. Walipiga kura wao watano, wanne kwa mmoja. Karatasi imo kwenye faili, na mratibu hajui kama mwakani atakuwa bado kwenye kile kiti.

Sijamsamehe. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Sawa." Simu yangu amenirudishia kabla ya wakati, nikamrudishia, akaiweke kabatini pamoja na za wenzangu.

Nilipofika kwenye tanki, kitu cha kwanza niliomba barafu. Kipimajoto kikasoma sifuri. Ndipo nikaanza. Bosi akasimama kando akaniuliza kwa nini nafanya hivyo. Nikamweleza yote, kuanzia mwanzo. Akasema hata wao kwao hawajawahi kuvijaribu, wanaamini tu kwa sababu ni vipya. Sasa na yeye anafuga makosa, ana mawili, anayaonyesha kwa watu.

Na wewe bado nina hasira nawe, Mwalimu. Sio ndogo. Shule ikifunguliwa, ingia kidato cha kwanza uwaambie kwa nini, kipindi kizima, na sanduku mkononi. Kengele ikilia, iache iwalilie. Sitakuja kukusalimia mpaka nisikie umefanya hivyo, na nitaulizia kwa watoto wenyewe, sio kwako.

Swali

~

Shuleni
4 Septemba

Swali,

Ulizia kwa watoto, kama ulivyosema. Lakini na mimi nakuandikia, kwa kuwa kuna sehemu ambayo hawatakusimulia vizuri.

Nimewaambia. Barafu, sanduku, mfuniko, wimbo, na jina la Kijiti, na lako, na lile nililokujibu kwenye bomba la maji. Kengele ililia nikiwa katikati. Hakuna aliyetoka. Mwalimu wa jiografia alikuja akasimama mlangoni, naye akabaki.

Mwishoni msichana mmoja wa mbele, aliyehamia kwetu juzi, hata sare yake bado ina mikunjo ya dukani, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, kama mlijua ni vibovu tangu siku ya kwanza, kwa nini miaka yote hiyo hamkuvirudisha?"

Nilikuwa na maelezo. Ya mwaka mzima wa kusubiri, ya watoto wasio na vifaa, ya kosa la namna moja lisilopanda wala kushuka. Yalinifika mpaka kwenye ulimi. Nikamtazama, naye akanitazama, mkono wake bado uko juu.

Nikamwambia, "Tulizoea."

Akaliandika kwenye daftari lake.

Mwalimu wako